Tupeane uzoefu: Wadada wa kwenye katuni za Asia na kazi za nyumbani

Mtoa mada
Wakuu, habari za wikiendi. Kwetu katuni ni ya kumtuliza mtoto mama akipika, ila wenzetu Wajapani wanaikalia familia nzima. Sazae-san inarushwa kila Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni tangu 1969, hadi watu wazima huko wana msemo wa huzuni inayowashika ikiisha, maana kesho kazini. Asili yake ni katuni ya gazetini ya 1946, na mchoraji alikuwa mwanamke, Machiko Hasegawa. Sazae mwenyewe ni mama wa nyumbani, lakini si yule wa kuinamisha kichwa: mropokaji, msahaulifu, na wanaishi na mumewe kwa wazazi wake yeye Sazae, siyo ukweni kwake. Hata hivyo jiko ni la wanawake tu, kama vile saa ya nyumba ile iligoma miaka ya sabini.

Sasa nauliza: mhusika gani wa kike wa katuni za Asia aliwahi kuingia nyumbani kwenu, na mlikuwa mnasemaje mkimtazama? Visa vya kweli. Wa kuwacheka watu wazima wanaotazama katuni apite tu.

Mzaliwa wa Muscat
Sisi tuliozaliwa Muscat kwa wazee waliotoka Unguja, nyumbani ni Kiswahili, katuni Kiarabu fasaha. Kulikuwa na Sally. Ndugu zetu wa Bujumbura waliotazama kwa Kifaransa wanamjua kama Princesse Sarah. Wajapani waliitoa 1985, kisa kimetoka kwenye riwaya ya Kiingereza. Binti wa tajiri, baba anafariki, mkuu wa shule anamnyang'anya chumba, anamtupa darini na kumfanya kijakazi.

Bibi yangu Kiarabu kile hakukifuata sawasawa, ila kisa alikielewa kutushinda. Mkuu wa shule akitokea tu: "Hana haya huyo!" Lakini aliyemuudhi hasa ni Sally, kwa kutojibu. Anasugua sakafu, anabeba ndoo, akitukanwa anainama. Dada yangu mkubwa yeye akimsifia subira. Basi watabishana hao mpaka chai ipoe. Sisi wadogo hatukujua kwamba dada alikuwa ameshaposwa, na bibi hakuipenda posa ile.

Mwalimu wa darasa la nne
Hapa mmenigusa. Wengi mnamkumbuka Sara wetu wa Afrika, wa vile vitabu vya UNICEF, mwenye tumbili wake Zingo. Basi kabla ya Sara, UNICEF haohao walikuwa na Meena huko Bangladesh, India, Nepal na Pakistan, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Huyu mnyama wake ni kasuku, Mithu. Kuna kisa ambacho Meena hapelekwi shule, anamtuma kasuku akasikilize somo kisha aje amfundishe kuhesabu.

Mimi nilisimulia darasani kile cha embe. Raju, kaka yake Meena, anapewa kipande kikubwa, halafu na yai juu, kwa kuwa ni mwanamume. Wanabadilishana kazi kwa siku moja na jioni Raju yuko hoi. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwetu yai ni la baba." Wavulana wakacheka. Binti wa dawati la nyuma akauliza, na hao kuku anawafuga nani?

Niliyesoma Gombak
Kak Ros wa Upin na Ipin! Wamalaysia waliianzisha 2007, vipande vifupi vya Ramadhani vya kuwafunza watoto kufunga, leo hata Indonesia haiwatoki. Mapacha mayatima, wanalelewa na bibi yao na dada mtu. Ros akifoka, namsikia dada yangu kabisa. Wanangu wanacheka, mimi najiuliza mbona hakuna anayemuuliza Ros yeye anataka nini maishani.

Fundi wa kike, Mombasa
Jikoni, jikoni, jikoni! Mimi nachomelea mageti Changamwe. Mtoto wa dadangu aliniwekea Princess Mononoke, ile filamu ya Mjapani Miyazaki ya 1997. Watu humsifu San, msichana aliyelelewa na mbwa mwitu. Mimi nilibaki na wale wamama wa Bibi Eboshi, mkuu wa mji wa wafua chuma, wanaokanyaga mivukuto ya tanuru la chuma. Eboshi aliwakomboa kutoka madanguroni akawapa kazi. Wanakanyaga ubao kwa pamoja, jasho linawatiririka, wanawatania wanaume, na mji ukivamiwa wanaume wakiwa mbali, wao ndio wanaoulinda. Nikasema huyu mchoraji joto la moto analijua.

Na Eboshi huyohuyo anafyeka msitu na kumpiga risasi mungu wa msitu huo. Hakufanywa malaika. Hiyo ndiyo iliyonishika, kwa sababu katuni nyingi mwanamke ni malaika ama ni mchawi, basi.

Mama wa mabinti
Mimi naleta lawama. Doraemon, ile ya Wajapani ya paka-roboti na kijana Nobita. Shizuka ni binti mwerevu, ana adabu, halafu kila mara Nobita anamtokea bafuni kwa ule mlango wa kupeleka popote, na ndiyo kichekesho chenyewe. Mwanangu akauliza mbona Shizuka hafungi mlango. Yaani kosa tayari limekuwa la Shizuka! Nikazima. Mume wangu akaniona nimezidisha, eti Doraemon hata serikali ya Japani ilimteua balozi wa katuni 2008. Sawa, na mabalozi wapige hodi.

Fundi wa kike, Mombasa
Mama wa mabinti, wawekee Kiki ya 1989. Mchawi wa miaka 13, anahama kwao peke yake kama desturi yao inavyotaka, anapata chumba kwa wenye duka la mikate na kuanza biashara ya kupeleka mizigo kwa ufagio. Ananyeshewa kazini, anaugua, kuna wakati hata kuruka kunamshinda. Hakuna wa kumchungulia bafuni. Wangu walipomaliza kutazama walitaka kujua alikuwa akilipwa pesa ngapi kwa safari.