Nisaidieni: h-indeksi imekwama na mahojiano ni mwezi ujao

Mkemia_Mpweke: Wadau, hamjambo. Nafundisha kemia ogani chuo kimoja hapa Nairobi na nimeomba cheo cha profesa mshiriki. Kazi yangu ni kutenga viambato vya miti ya dawa, hasa muthiga, na kutambua muundo wake. Google Scholar inanipa h-indeksi ya 8, Scopus 5. Jirani yangu wa fizikia ana 20 na haachi kunikumbusha. Nifanyeje ipande haraka? Silali.

Wanja_wa_Kinoo: h-nini? Tuelezeni sisi wa biashara.

Mzee_Burette: Ni hivi, mama. Mwanafizikia Jorge Hirsch aliibuni mwaka 2005. Ukiwa na makala 8 na kila moja imenukuliwa angalau mara 8, h yako ni 8. Makala moja ikinukuliwa mara elfu, h haitikisiki. Scopus huhesabu majarida iliyoyachagua tu, Scholar huzoa hadi tasnifu, ndiyo maana namba hazilingani. Nawe daktari, wacha kujipima na wanafizikia. Kundi la Steven Ley pale Cambridge lilihitaji miaka 22 kuunda maabarani azadirachtin, ile molekuli ya muarobaini, likamaliza 2007. Molekuli moja!

Chumvi_Nyingi: Miaka 22? Shosho huchemsha muarobaini na bado anawahi taarifa ya saa moja.

BabaTwins: Pole ndugu. Mimi nilikuwa benki, cheo changu kikaenda kwa mpwa wa bosi. Nikatoka, sasa nafuga samaki Rongai na presha imeshuka. Fikiria ufugaji.

Mzee_Burette: Hilo neno "haraka" linanitia shaka. Kuna mtu amekuahidi kitu?

Mkemia_Mpweke: Si ahadi hasa.

Mzee_Burette: Sema, mwanangu.

Mkemia_Mpweke: Kuna jamaa wa WhatsApp anauza nafasi ya jina kwenye makala ambayo tayari imekubaliwa, pamoja na nukuu za kuisindikiza. Nimeshamtumia malipo ya awali kwa M-Pesa. Kabla hamjanirukia: majarida yenyewe si yanatutoza maelfu ya dola kuchapisha? Na wakubwa si wananukuana wao kwa wao? Mimi natafuta pa kusimama tu.

Dada_Imani: Njia ya mwongo ni fupi. Utawaambia nini wanafunzi wako?

Mzee_Burette: Na mwaka 2023 kampuni ya majarida ya Hindawi ilifuta makala zaidi ya 8,000, nyingi za viwanda vya makala bandia kama hicho cha jamaa yako. Ikifutwa, jina lako linabaki pale na alama ya kufutwa. Kamati nayo ina intaneti.

Nyundo254: Nyinyi mnachezwa. Akaunti ya jana, imeshataja huduma na njia ya malipo. Huyu ndiye wakala mwenyewe, anangoja mtu aombe namba inboksi. Haya "mkemia", mabaki ya kloroformu kwenye grafu ya NMR ya protoni, kile kipimo cha muundo wa molekuli, hukaa wapi?

Mkemia_Mpweke: 7.26. Na usipokausha sampuli, maji yatakuchekea pale 1.56. Swali lingine?

Nyundo254: Hiyo hata simu inajua.

Mkemia_Mpweke: Simu haijui hili: maji ya mfereji yakikatika, rotavapo yetu, mashine ya kuvukiza viyeyusho, tunaipoza kwa pampu ya tangi la samaki iliyotumbukizwa kwenye ndoo ya barafu. Barafu tunanunua kwa wauza samaki City Market. Ikiyeyuka kabla ya saa nane, kiyeyusho chetu, diklorometheni, chote kinapaa na mwanafunzi wa uzamili anaanza kulia.

Mzee_Burette: Huyo ni wetu. Sasa sikiza. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walitangaza warburganal, kutoka magome ya jamii hiyohiyo ya muthiga. Huwafanya viwavijeshi wakatae kula majani. Kazi hiyo bado inanukuliwa. Andika mapitio, yaani makala ya kukusanya tafiti zilizokwisha fanywa, ya kemia ya miti yetu, maana mapitio hunukuliwa kuliko ripoti ya kiambato kimoja.

Mkemia_Mpweke: Mapitio yataanza kunukuliwa baada ya miaka miwili, mzee. Kamati inakaa mwezi ujao. Na zile pesa hazirudi.

Nyundo254: Basi weka namba ya huyo jamaa hapa tumripoti.

Mkemia_Mpweke: Siwezi.

Nyundo254: Mmeona?

Wanja_wa_Kinoo: Mke wako anajua hizo pesa zimeenda wapi?

BabaTwins: Daktari, hiyo pampu mlinunua wapi na ni ngapi? Tilapia wangu wanahema juu ya maji tangu asubuhi.