Gari Toyota MR2 (toleo la SW20) inachemka baada ya kubadilisha radieta, Goma

Himbi_SW20: Salamu bakubwa. MR2 turbo ya 1991, injini 3S-GTE. Nimeweka radieta ya aluminiamu iliyo nene. Sasa sindano ya joto inapanda nikielekea Sake, na hita inatoa baridi. Maji yameingia lita 9 tu.

FundiKivu: Ndugu, hita ya baridi imeshasema yote: ni hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa maji. Injini iko nyuma, radieta mbele, na mfumo unameza karibu lita 13. Zima injini, iache ipoe kabisa. Weka hita kwenye joto la mwisho. Fungua boneti ya mbele: kuna valvu ya hewa kwenye radieta na nyingine kwenye hita. Chomeka mipira myembamba inayoonyesha ndani, ining'inize juu ya mdomo wa kujazia ulio nyuma, kisha legeza valvu. Mimina taratibu kule nyuma mpaka maji yasimame sawa katika mipira, bila mapovu. Funga valvu, jaza, washa mpaka thamostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) ifunguke, kisha angalia feni.

Kaka_Bukavu: Na kifuniko cha mdomo wa kujazia, kinachoshika shinikizo? Goma iko mita 1,500 hivi, maji ya wazi yanachemka kwenye 95°C. Kifuniko kikilegea, unachemsha mapema. Weka kipya cha 0.9 bar. Maji ya ziwa usiguse, yana chumvichumvi nyingi. Changanya kuulanti (dawa ya kupoza injini) nusu kwa nusu na maji safi yaliyochujwa.

FundiKivu: Kweli. Halafu chungulia mabomba ya maji chini ya gari, mawe ya lava huyabonyeza.