Stiki za dramu: hikori, mepo au mwaloni? Naomba ushauri wenu

Kidundo
Wakuu, salaam kwenu nyote. Napiga dramu kwenye bendi, na muda mrefu nimekuwa mtu wa stiki za mepo saizi ya 5A (unene wa kati). Nazipenda kwa sababu ni nyepesi, mkono hauchoki hata nyimbo zikiunganishwa. Sasa bendi imeongeza gitaa la pili la umeme, sauti imepanda, na mimi lazima nipige kwa nguvu ili nisikike. Tangu hapo stiki zinaliwa vibaya mno. Zinaanza kuchanika, vipande vinaruka, halafu siku moja katikati ya wimbo nabaki na kitako mkononi.

Mpiga besi wetu ananiambia nihamie mwaloni, eti haukatiki. Mwingine anasema hikori ndiyo mwisho wa maneno. Naomba wenye uzoefu mniambie: kati ya hizo tatu ipi inadumu, na mkononi zinatofautianaje? Tafadhali msiniletee habari za alumini wala plastiki. Nataka mbao.

ToaziKubwa
Hikori. Uzi ufungwe.

SeremalaMdundo
Mkuu ToaziKubwa ana haraka, ila hajakosea sana. Ngoja nieleze kidogo, maana mbao ndiyo kazi yangu na dramu ndiyo starehe yangu.

Hikori ni mti wa Amerika Kaskazini hasa, jamii moja na mpekani. Huko ndiyo mbao ya mipini ya shoka na nyundo tangu zamani, kwa sababu inameza mshtuko bila kupasuka. Stiki inagongwa kwenye chuma na shaba mfululizo, kwa hiyo sifa unayoitafuta ni hiyo hiyo ya mpini. Mepo (ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada) ni mgumu pia, lakini kwenye kuhimili pigo la ghafla haufiki kwa hikori, na ni mwepesi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hikori kavu ina kilo 800 hivi, ya mepo mgumu ina kilo 700 hivi. Mwaloni wa Japani, ambao ndio hutengenezewa stiki, huwa mzito kuliko zote mbili.

Kitu ambacho watu hawakisemi ni namna kila moja inavyokufa. Hikori inakufa polepole: inachanika nyuzi nyuzi, unaiona, unajua kesho usipande nayo jukwaani. Mwaloni uso wake ni mgumu, unakaa safi muda mrefu, halafu unakatika vipande viwili bila taarifa. Kwa hiyo anayekwambia mwaloni haukatiki bado hajakutana na siku yake.

MwaloniDaima
Hapo kwenye "bila taarifa" napinga. Mimi ni wa mwaloni na sina mpango wa kuhama. Taarifa ipo, ila huioni, unaisikia. Stiki ya mwaloni ikipata ufa ndani, mlio wake unabadilika, unakuwa mfu. Kabla sijapanda nagonga kila moja kwenye goti, ile yenye sauti ya ajabu naiweka kando. Na kichwa cha mwaloni hakimeguki ovyo, toazi la raidi (lile kubwa la kushikilia mdundo) linalia vile vile kuanzia mwanzo hadi mwisho wa shughuli. Kwa hikori, kichwa kikianza kubanduka sauti ya raidi inachafuka hata kama mwili wa stiki bado mzima.

SeremalaMdundo
Hilo la kugonga nakubaliana nawe, na la kichwa pia. Lakini wangapi wanagonga?

DadaMapigo
Mnaongelea kudumu tu, mleta uzi ameuliza pia mkono unahisi nini. Hapo ndipo penye tofauti ya kweli.

Mwaloni unakurudishia kila pigo. Ukipiga snea (ile ngoma ndogo ya mbele yako) pamoja na rimu, yaani pete ya ukingo wake, mtetemo unapanda hadi kwenye kifundo cha mkono, na mtu mwenye maumivu ya kifundo asiuguse. Ila kwa mpigaji mzito mwenye mkono mkubwa, ule uzito unamfanyia kazi, haongezi nguvu yake mwenyewe. Hikori iko katikati: inarudi vizuri kutoka kwenye ngozi ya ngoma na mshtuko mwingi unaishia ndani ya mbao. Mepo inaruka haraka kuliko zote, na kwa mapigo ya sauti ya chini huna haja ya kitu kingine. Tatizo ni pale unapotaka sauti kubwa: stiki nyepesi inakulazimisha uongeze mwendo wa mkono, na mwendo ule ndio unaoivunja.

Kidundo, ukitoka 5A ya mepo kwenda 5A ya mwaloni moja kwa moja utachukia. Utadhani umeshika mchi.

Kidundo
Dada, hilo la kuongeza mwendo ndilo linalonitokea, sikuwa nimelifikiria hivyo. Je, nikibaki na mepo lakini nipande saizi?

SeremalaMdundo
Swali zuri. Kwa watengenezaji wengi 5A ina kipenyo cha milimita 14.4 hivi na 5B ni 15.1 hivi. Unene huo wa 5B unaongeza ujazo kwa kama asilimia 10, na mepo ni nyepesi kuliko hikori kwa kama asilimia 12. Kwa hiyo 5B ya mepo inakaribia sana uzito wa 5A ya hikori, ila inajaza mkono zaidi. Na uwezo wa fimbo ya mviringo kuhimili kupindwa unapanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo), yaani hapo unapata kama asilimia 15 zaidi kwa mbao ile ile. Si haba. Lakini haigeuki kuwa hikori, uso wake utaendelea kuliwa na matoazi.

Kwa wageni wa mambo haya: namba ikipanda stiki inakuwa nyembamba, 7A ni nyembamba kuliko 5A, na 2B ni nene kuliko 5B. Herufi A ilitoka kwenye okestra, B kwenye bendi.

FundiRimu
Wakuu, mmeandika mengi na hakuna aliyemuuliza jambo la kwanza. Kidundo, stiki zako zinakatikia wapi? Shingoni karibu na kichwa, au katikati ya mwili?

Kidundo
Shingoni. Ya mkono wa kulia hasa.

FundiRimu
Basi nusu ya tatizo si mbao. Stiki inayokatika katikati inauawa na rimu ya snea. Inayokatika shingoni inauawa na ukingo wa toazi. Nakisia mambo mawili: hai-hati (yale matoazi mawili ya kufungwa kwa mguu) unaipiga ukingoni kwa shingo ili iwe na sauti nene, na matoazi yako ya krashi (yale ya kupigia mshindo) yamelala bapa, umeyainua juu halafu ukayakaza sana. Toazi lililokazwa haliyumbi, nguvu yote inarudi kwenye stiki.

Yainamishe yakuelekee kidogo, legeza nati hadi toazi liyumbe lenyewe, na pigo la krashi lipite kwa kuteleza, lisichome moja kwa moja. Usipofanya hivyo hata mwaloni utaumaliza.

Halafu badilishana stiki. Ya kulia inaliwa na hai-hati shingoni, ya kushoto inaliwa na rimu katikati. Ukizihamisha mkono kila wimbo au kila mapumziko, kila moja inaliwa sehemu mbili tofauti badala ya moja kuumia peke yake.

Kidundo
Umenikisia kama uliyekaa nyuma yangu. Yamelala bapa kweli, na juu.

DadaMapigo
Na uangalie umbo la shingo unaponunua. Kuna stiki ambazo unene unaanza kupungua mbali na kichwa, shingo inakuwa ndefu na nyembamba. Zinanesa vizuri, raha kwa mkono, ila kwenye krashi ni maiti. Nyingine unene unafika karibu kabisa na kichwa, zinahisi nzito mbele lakini shingo ina nyama. Kwa unavyopiga, chukua ya pili, hata kama ni 5A ile ile. Watu wanabishana juu ya mbao na kusahau hili kabisa.

MwaloniDaima
Nakazia hapo. Na ukiwa dukani usichukue jozi kwa kuangalia kibandiko. Viringisha kila stiki juu ya kioo au meza iliyonyooka, inayoruka-ruka imepinda, irudishe. Kisha zigonge kwenye kitako usikilize: zinazolia sauti moja huwa zinakaribiana uzito. Vic Firth, aliyekuwa mpiga timpani wa Boston Symphony na kuanzisha kampuni yake mwaka 1963, alijenga jina kwa kuoanisha stiki namna hiyo. Lakini jozi zinatenganishwa na wateja rafuni, kwa hiyo zigonge mwenyewe.

SeremalaMdundo
Angalia na nyuzi za mbao. Zinatakiwa ziende sambamba na stiki kutoka kitako hadi kichwa. Ukiona zinakatiza mshazari na kutokea ubavuni, hapo ndipo itakapokatikia, iwe hikori, iwe mwaloni. Ila msidanganywe na rangi: hikori yenye michirizi ya wekundu haina udhaifu wowote ikiwa uzito na nyuzi ni sawa na ile nyeupe. Mimi huzichukua hizo nyekundu kwa makusudi kwa sababu watu wanaziacha.

Kidundo
Nawashukuru sana. Nitainamisha matoazi kwanza, kisha nichukue jozi ya hikori 5A yenye shingo nene na jozi ya mepo 5B kwa nyimbo za taratibu. Swali dogo la mwisho: kuna za vanishi na zisizo na vanishi. Mikono yangu inatoka jasho.

FundiRimu
Inategemea mkono. Wapo ambao vanishi ikipata joto inawanatia vizuri, wapo ambao inateleza. Usinunue nyingine kwanza: chukua msasa laini, piga sehemu ya kushikia tu hadi mng'ao uondoke, acha shingo na kichwa na vanishi yake ili unyevu usiingie. Na usiziache kwenye gari juani, zitapinda.