Mashetani ni miungu ya majirani walioshindwa? Nasema ndiyo, nipingeni

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Hoja yangu ni hii: mashetani wengi wenye majina makubwa walikuwa miungu ya watu wengine, wakachafuliwa jina baada ya waliowaabudu kushindwa au kuwaacha.

Mchukueni Beelzebuli. Katika 2 Wafalme sura ya 1, mfalme Ahazia ameanguka kutoka dirisha la orofani kule Samaria. Yuko kitandani, anatuma watu Ekroni, mji wa Wafilisti, wakamuulize Baal-zebubu kama atapona. Ni mgonjwa anayetafuta jibu kwa mungu wa jirani, basi. Wasomi wengi wanaona hata hilo jina, "bwana wa nzi", ni kejeli iliyopotosha jina la heshima. Ukifika Mathayo 12, Beelzebuli keshakuwa mkuu wa pepo.

Astaroth ndiye kituko. Asili yake ni Ashtorethi, mungu wa kike wa Wasidoni. Mwaka 1577 daktari Johann Weyer (ambaye, ajabu, alikuwa akipinga kuteswa kwa wanaoitwa wachawi) alichapisha orodha ya mapepo, na humo Astaroth ni mtawala wa kiume aliyepanda joka, nyoka mkononi. Pumzi yake inanuka mpaka anayemwita anaonywa ashike pete ya uganga karibu na uso. Mungu wa kike mzima, kaishia kunuka mdomo!

Halafu kuna deva: kwa Wahindi ni mungu, kwa Wazoroasta wa Irani ya kale daeva ni pepo mbaya. Neno ni moja, kilichotofautiana ni upande uliosimama.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeokota mifano inayokubeba. Pazuzu utamweka wapi? Kwenye jumba la makumbusho la Louvre kuna sanamu yake ndogo ya shaba nyeusi, urefu wake kama sentimita 15: mabawa manne, makucha ya ndege, mkia wa nge, na kitanzi utosini cha kupitishia kamba. Maandishi ya mgongoni yanamtaja kuwa mfalme wa pepo wabaya wa upepo. Hakuna aliyemshusha cheo, alianza akiwa pepo.

Sasa tazama kazi aliyopewa. Watu wa Mesopotamia (Iraki ya leo) walimwogopa Lamashtu, pepo wa kike aliyewanyemelea wajawazito na kunyakua vichanga. Dawa yake ilikuwa kichwa cha Pazuzu, kinavaliwa shingoni au kinatundikwa nyumbani. Pepo anafukuzwa na pepo. Hadithi yako ya vita na ushindi inamgusaje mama ambaye watoto wake wanakufa na hajui sababu?

Mchangiaji wa pili:
Naongeza majini. Kurani, sura ya 72, inawapa wenyewe nafasi ya kusema kwamba miongoni mwao wamo wema na wasio wema. Hao si miungu iliyopinduliwa, na si mashetani wote. Tatizo la mada hii ni kutupa kila kisichoonekana kwenye kapu moja, kisha kutafuta asili moja ya kapu zima. Hata Wagiriki, daimon wao alikuwa roho tu, mzuri au mbaya, kabla Wakristo hawajalifanya neno hilo kuwa baya moja kwa moja.

Mleta mada:
Wa pili, hapo kwa Wagiriki umenisaidia mimi: kubadili maana ya neno la mwenzako ndiko kuchafua jina ninakokusema.

Ila Pazuzu amenibana, nakiri. Narekebisha: nadharia yangu inawahusu wenye vyeo, wale wakuu na wafalme wa kuzimu waliojaa kwenye vitabu vya uganga vya Ulaya. Lamashtu hayumo humo. Ingawa hata yeye, Wababiloni walimtaja kuwa binti wa Anu, mungu wa mbingu, aliyetupwa nje kwa tabia zake mbaya. Huko nako si kushushwa cheo? Wa kwanza, hebu nijibu hilo.