Hoteli kubwa ya ufukweni Unguja kwa wazee wawili: tuulize nini kabla ya kulipa?

MwalimuMstaafu, Tororo

Salaam, ndugu zangu. Watoto wetu wamechangishana fedha ili mimi na mama yao tukapumzike Unguja kwa juma moja, na wameshikilia kwamba tukae katika hoteli moja kubwa ya pwani ya mashariki, yenye vyumba mia kadhaa, mabwawa ya kuogelea na kumbi tatu za chakula. Kabla sijawaruhusu walipe, ningependa kusikia kutoka kwa watu wa huku kwetu waliowahi kukaa au kufanya kazi katika hoteli za namna hiyo, kwa sababu matangazo yote yanasema mambo yaleyale.

Linalonitatiza zaidi ni bahari yenyewe. Katika picha za hoteli maji yamefika karibu na viti vya kujilaza, lakini katika picha walizopiga wageni naona mchanga mtupu hadi mbali na mashua zimelala ubavu. Sisi tuliokulia karibu na Ziwa Viktoria tumezoea kwamba maji uliyoyaacha asubuhi utayakuta jioni palepale. Je, mtu analipa fedha zote hizo kisha akae kuyasubiri maji yarudi?

Pili, watoto wanataka kulipia mpango wa kila kitu ndani, yaani milo yote na vinywaji vyote pamoja na pombe, ilhali sisi wawili hatunywi. Tatu, mke wangu anasumbuliwa na magoti. Ngazi nyingi hawezi, na mwendo mrefu unamchosha. Kuhusu tarehe tuko huru kabisa, kwa kuwa kengele ya shule hainihusu tena.

Mapokezi_Entebbe

Shikamoo, Mwalimu. Nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli kubwa ya pwani ya mashariki ya Unguja kabla ya kurudi nyumbani, na swali lako la kwanza ndilo lililokuwa likitufikia mezani kila asubuhi, mara nyingi kutoka kwa mgeni aliyekwisha kuvaa nguo za kuogelea.

Picha zote mbili ulizoziona ni za kweli. Bahari ya huko hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na kitu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita nne hivi wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa. Kwenye fukwe za mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, sakafu ya bahari ni tambarare mpaka kwenye mwamba wa matumbawe ulioko mbali na ufuo. Kwa hiyo maji yakishuka mita hizo chache tu kwenda chini, ukingo wake unarudi nyuma kwa mwendo mrefu sana wa mguu. Hoteli haina hila hapo, isipokuwa hila ya kuchagua saa ya kupiga picha.

Jambo ambalo wauza safari hawalisemi, pengine kwa sababu hawalijui, ni kwamba saa za maji zinatabirika kwa mwezi wa angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, ni bamvua: Unguja maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba ukimaliza kifungua kinywa na kuelekea ufukweni utaikuta bahari imeondoka, na ukirudi alasiri utaikuta imegonga ukuta wa hoteli. Mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, nayo hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo watu wa pwani huyaita maji mafu, na kwa mzee anayetaka kuingia hadi kiunoni, akasimama kwa utulivu, akatoka, hakuna siku bora kuliko hizo. Kwa kuwa tarehe mnaichagua wenyewe, tafuteni juma ambalo katikati yake kuna tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24, za mwezi wa Kiislamu. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo juma zima haliwezi kufanana, lakini mtapata siku kadhaa nzuri mfululizo.

Na wakati maji yamepwa msikae chumbani mkinung'unika. Hapo ndipo utawaona akina mama wakienda kwenye mashamba ya mwani, safu kwa safu za vijiti vilivyochomekwa mchangani na kamba zilizofungwa vishada vya mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989. Mtembee kando ya mashamba, msikanyage kamba, na msiwapige picha kabla ya kuwaomba. Vaeni viatu vya plastiki, maana kwenye vidimbwi vinavyobaki kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wake ukikatikia mguuni likizo inaharibika.

NyotaYaJinja

Mwalimu, mimi nitajibu la chakula, na sikubaliani na wanaosema kwamba asiyekunywa pombe asilipie kila kitu. Hesabu inategemea hoteli iko wapi. Nilikaa na mume wangu katika hoteli moja ya mashariki, nisingependa kuitaja, ambayo tuliichukua kwa kifungua kinywa na chakula cha jioni tu, tukidhani mchana tutakula kijijini. Lango la hoteli lilikuwa mbali na kijiji, barabara yenyewe haina kivuli, na kufikia saa saba jua lilikuwa kali kiasi kwamba kila mara tuliishia kula mlemle ndani kwa bei iliyoandikwa kwa dola. Chupa ya maji ya kunywa mezani ililipiwa peke yake, hata wakati wa chakula cha jioni ambacho tulikwisha kukilipia. Siku ya kuondoka tulipewa karatasi ndefu ya madeni, na mume wangu, ambaye ni mtu wa hesabu, aliisoma mstari kwa mstari pale mapokezi huku gari la uwanja wa ndege likipiga honi.

Kwa hiyo ulizeni kwanza: maji ya kunywa, chai na kahawa vimo katika bei hata nje ya saa za mlo? Kuna mahali pa kula ambapo mama anaweza kufika kwa miguu bila kupanda gari? Kama mkahawa uko jirani, basi chukueni milo miwili na mtakula samaki na ugali au wali wa nazi kwa bei ya kawaida. Kama hoteli imejitenga peke yake kwenye kichaka, lipieni milo mitatu. Zipo hoteli zinazotoa milo mitatu bila pombe kwa bei ya chini kuliko ule mpango wa kila kitu ndani, ambao mgeni wake huvalishwa bangili, lakini mara nyingi hawakutajii mpaka uulize.

Neno kuhusu bufee, kwa kuwa watu wetu huishangaa siku ya kwanza. Ni kubwa, ina vyakula vya kila taifa, na kufikia siku ya nne utaanza kuitambua nyama ya jana ndani ya mchuzi wa leo. Matoke msitarajie kama ya nyumbani. Mimi nilikuwa nikienda moja kwa moja kwa mpishi aliyesimama na kikaango chake pembeni, aliyekuwa akipika pweza na samaki papo hapo, na chakula chake kilikuwa kizuri kuliko meza nzima iliyobaki.

Dukani_Arua

Mzee wangu, ya hoteli watazungumza wao. Mimi niseme ya njiani, maana nimeona watu wakirudishwa nyuma kwa mambo madogo.

Vitambulisho vya taifa vinavyotuvusha Kenya na Rwanda havitoshi Tanzania; chukueni pasipoti. Viza Mganda halipii. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Uganda, na chanjo ihesabiwe siku 10 kabla ya safari ndipo kadi iwe halali. Mkiwa na kadi za zamani msihangaike, kwa sababu tangu mwaka 2016 kadi hiyo ni ya maisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawatoza wageni wa kigeni bima ya lazima ya safari kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Someni masharti ya raia wa Afrika Mashariki katika tovuti yao kabla ya kulipa, na msilipe kupitia tovuti za madalali zinazofanana nayo. Halafu zile kaveera zetu ziacheni Tororo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019 na Zanzibar ilikuwa imetangulia kitambo.

Basi la Kampala hadi Dar es Salaam, kisha boti ya kasi ya saa mbili hivi, ni nafuu, nami huitumia kwa biashara. Kwa magoti ya mama, hapana. Pandeni ndege Entebbe.

MwalimuMstaafu, Tororo

Nawashukuru sana, hasa kwa hesabu ya mwezi, ambayo hata mimi niliyefundisha jiografia kwa miaka mingi sikuwahi kuifikiria kama njia ya kupanga likizo. Sasa binti yangu amesoma majibu haya na anauliza kama si rahisi zaidi kuiacha pwani ya mashariki na kuhamia kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako anasema maji hayaendi mbali. Na bado nina wasiwasi juu ya kutembea ndani ya hoteli yenyewe.

Mapokezi_Entebbe

Binti yako amesema kweli, Mwalimu. Nungwi na Kendwa sakafu ya bahari huteremka upesi, kwa hiyo hata maji yakipwa bado mtu anaweza kuogelea, na Kendwa mtaliona jua likizama baharini, jambo ambalo mashariki halipo. Lakini huko kuna watu wengi zaidi, kuna muziki wa usiku, na mapapasi wa kuuza safari za mashua watawafuata kila mkishuka mchangani, kwa kuwa ufukwe ni wa watu wote na hoteli haiwezi kuwafukuza. Kwa vijana ningesema kaskazini bila kufikiri. Kwa ninyi wawili, mkipata juma la maji mafu, ningechagua mashariki kwa ajili ya utulivu. Mkilazimika kusafiri wakati wa bamvua, nendeni kaskazini. Miezi ya Aprili na Mei msiende popote, kwani ni masika na baadhi ya hoteli hufunga. Juni hadi Septemba upepo wa kusi huvuma sana pwani ya mashariki, hali ya hewa ni ya baridi kidogo na ya kupendeza, ila mwani mwingi hutupwa ufuoni. Januari na Februari ni joto, na bei hushuka baada ya msongamano wa Krismasi na mwaka mpya kupita.

Kuhusu magoti, hapo ndipo ningewabana hoteli kwa maandishi. Hoteli ya vyumba mia kadhaa kwa kawaida imetandazwa kama kijiji, nyumba za ghorofa mbili au tatu zisizo na lifti, na chumba cha bei ya chini ndicho kilicho mbali zaidi na chakula. Vigari vya umeme vipo katika nyingi, lakini asubuhi wageni wote wanavitaka kwa wakati mmoja. Tena zipo hoteli zilizojengwa juu ya jabali la matumbawe, ambako kutoka bustanini hadi mchangani ni ngazi tupu, na katika picha iliyopigwa kutoka angani ngazi hizo hazionekani.

Tumeni barua pepe kwa hoteli yenyewe, si kwa wakala peke yake, mkiomba chumba cha chini kilicho karibu na ukumbi mkuu wa chakula, na mkiuliza kuna ngazi ngapi kutoka chumbani hadi ukumbini na kutoka ukumbini hadi mchangani. Ulizeni pia kama bafu ni la kuingia kwa miguu au ni la kuvuka ukingo, na kama bwawa lina ngazi pana zenye mhimili wa kushikia. Mabwawa mengi yana ngazi ya chuma iliyosimama wima, na hiyo kwa mama haifai. Msishawishike kulipa zaidi kwa chumba chenye mwonekano wa bahari ikiwa kiko ghorofani, kwa sababu mandhari hiyo mtaipata bure mkikaa kwenye viti vya ufukweni. Wakijibu "tutajitahidi", waandikieni tena mpaka waseme ndiyo au hapana, kisha siku ya kufika onyesheni jibu hilo mapokezi. Sisi tuliokuwa nyuma ya ile meza tulikuwa tukigawa vyumba tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na mgeni ambaye ombi lake liliandikwa kwenye orodha ndiye aliyekipata chumba cha chini.

Mwisho, waambieni watoto waulize bei ya raia wa Afrika Mashariki, maana baadhi ya hoteli wanayo lakini hawaitangazi kwenye tovuti za kimataifa, na waulize kama kodi ya miundombinu, inayotozwa kwa kila mgeni kwa kila usiku, imo ndani ya bei au italipiwa pale mapokezi. Na gari la kutoka uwanja wa ndege liagizwe mapema, kwa kuwa kutoka Kisauni, ulipo uwanja huo, hadi fukwe hizo ni mwendo wa saa moja na zaidi, na madereva wa nje watataja bei kwa kutazama mizigo yenu.

NyotaYaJinja

Naongeza hili moja kwa mama: maji ya chumvi humbeba mtu kuliko ya ziwani, na baharini huko hakuna kichocho wala mamba. Mimi nisiyejua kuogelea nilikaa majini hadi vidole vikakunjamana. Akiogopa kuanza baharini, aanze kwenye bwawa la watoto mapema, kabla wenye bwawa lao hawajaamka.