Mkandarasi katuwekea skrini ya kufurahisha wageni, mwizi kapita mbele ya macho yetu (Kigoma)

Wakuu, habari za usiku. Wiki tatu nimejizuia kufungua uzi huu. Leo mchana mkandarasi kanijibu kwamba "watumiaji wa mikoani mnahitaji mafunzo zaidi", na hapo uvumilivu umeniisha. Jina la kampuni sitalitaja, wala la ofisi yangu.

Niko Kigoma mjini, kwenye chama cha akiba na mikopo chenye tawi dogo kule Ujiji. Watu wa kompyuta tuko wawili, tunapokezana zamu. Mwaka jana uongozi ulinunua mfumo wa kufuatilia usalama wa mtandao wetu, ukaja na skrini kubwa ya ukutani. Katikati kuna dunia inayozunguka, mishale myekundu inatoka kila bara na kuangukia Tanzania. Pembeni kuna maduara ya vipande yaliyolazwa kama keki, mpaka kipande cha mbele kinaonekana kikubwa kuliko cha nyuma hata kama namba ni ileile. Juu kabisa kuna duara la kijani limeandikwa SALAMA. Siku ya uzinduzi wajumbe wa bodi waliipiga picha.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kompyuta ya kaunta ya Ujiji ilikuwa imeachwa na njia ya kuiendesha kutoka mbali, mlango namba 3389, wazi kwa intaneti nzima. Kosa hilo ni letu, sikatai. Lakini tulinunua mfumo ili makosa ya namna hiyo yaonekane mapema. Mtu akaingia hapo kutoka nje. Kwenye ile dunia alikuwa mshale mmoja kati ya maelfu, maana kompyuta yoyote iliyo wazi intaneti inabishiwa hodi usiku na mchana na programu zinazotafuta milango. Mshale wa aliyebisha akaondoka na mshale wa aliyefunguliwa akaingia vimechorwa sawasawa: rangi moja, unene mmoja.

Baada ya hapo mwizi akatoka kompyuta ya Ujiji kwenda kwenye seva yetu (kompyuta kuu inayotunza taarifa zote) ya makao makuu, Mwanga, hapahapa mjini. Hatua hii ndiyo iliyotuumiza, na haikuonekana kabisa! Anwani za ndani, hizi zinazoanza na 192.168, hazina nchi. Huwezi kuziweka kwenye ramani ya dunia. Kwa hiyo yeyote aliyekwisha kuingia na sasa anatembea ndani, kwa skrini hii hayupo. Ilibidi nifungue jedwali lililofichwa nyuma ya vitufe vitatu, mistari 25 kwa ukurasa, na kwenye ukurasa wa 14 nikaikuta: namba 4625 mara kumi na moja, kisha 4624 moja. Anayesimamia kompyuta za Windows anajua. 4625 ni jaribio la kuingia lililoshindikana, 4624 ni lililofanikiwa. Mtu kakosea nywila ya mhasibu mara kumi na moja ndani ya dakika nne, ya kumi na mbili kapata. Mistari kumi na miwili tu, ikiwa pamoja hata mtoto angeuliza kuna nini hapa. Wao wameitawanya katikati ya mamia ya mistari mingine.

Na lile duara la kijani? Halikubadilika usiku kucha. Nilipombana mkandarasi akakiri kwamba kijani maana yake programu yao inafanya kazi na inapokea taarifa. Basi! Haisemi lolote kuhusu usalama wetu. Wakuu, kosa hili lina historia. Machi 1979 kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, taa iliwaambia wahudumu kwamba valvu imeamriwa kufunga, wao wakaisoma kuwa imefunga. Valvu ilikuwa wazi na maji ya kupooza kinu yanamwagika. Miaka yote hiyo imepita, bado mtu anatuuzia taa inayosema jambo moja huku maandishi yake yanasema jingine.

Lakini kinachoninyima usingizi ni saa. Jedwali liliandika 23:14. Sisi tukasoma saa tano na robo usiku. Siku hiyo dada wa kaunta ya Ujiji alichelewa kufunga hesabu za mwisho wa mwezi, akaondoka saa tano na nusu. Kompyuta ni yake, muda ni wake. Akaitwa, akahojiwa siku mbili, akaambiwa akae nyumbani kwanza. Alilia mbele yangu akisema, "Kaka, mimi hata hiyo nywila ya mhasibu siijui." Siku ya tatu ndipo nikagundua mfumo unaandika saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Tukio lilikuwa saa nane na dakika kumi na nne usiku, tawi limefungwa, yeye kalala kwake. Hakuna mahali popote kwenye jedwali palipoandikwa kwamba hiyo ni UTC. Herufi tatu tu zingemwokoa yule dada na aibu ile. Amerudi kazini, ila wapo wenzake ambao mpaka leo wanamwangalia kwa jicho la pembeni.

Halafu naambiwa mafunzo.

Ninachotaka nimekichora kwa kalamu kwenye karatasi ya manila, na picha yake nimewatumia watu wa mkandarasi. Kila kompyuta yetu ina mstari wake wa kulala, kutoka saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi, saa za hapa. Jaribio lililoshindikana ni kitone, lililofanikiwa ni duara kubwa lenye uwazi, ili hata mwenzangu ambaye nyekundu na kijani humchanganya asihitaji rangi kuvitofautisha. Vitone kumi na moja vimebanana, duara moja, na uzi kutoka mstari wa Ujiji kwenda mstari wa seva. Ukibonyeza kitone, maelezo yanafunguka kwa Kiswahili. Si uvumbuzi wangu. Ben Shneiderman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alishaandika mwaka 1996: onyesha picha nzima kwanza, kisha mtu asogee na kuchuja, kisha maelezo anapoyahitaji. Na watafiti wa takwimu Cleveland na McGill mwaka 1984 walionyesha kwamba jicho linalinganisha vitu vilivyopangwa kwenye mstari mmoja kwa usahihi zaidi kuliko pembe na maumbo yenye ujazo. Hizo keki zao zilazwe chini ziachwe huko.

Watu wa mkandarasi hawakuja hata siku moja kukaa zamu na sisi. Hawakuuliza nani anaangalia skrini saa tisa usiku, anajua nini, akiona jambo anampigia nani.

Naomba msaada kwa waliowahi kupita hapa. Moja, kuna aliyefanikiwa kuchora mistari ya namna hii kwenye Grafana (programu ya kuchora grafu) akitumia taarifa za Wazuh (programu ya kufuatilia usalama wa kompyuta), kwa kompyuta zisizozidi ishirini? Pili, mkataba wetu umeandika tu "skrini ya ufuatiliaji", haukusema ionyeshe nini. Kuna njia ya kuwabana warekebishe kabla hatujalipa awamu ya mwisho? Inatakiwa kulipwa Ijumaa, na meneja ameniomba maandishi kufikia Alhamisi asubuhi.