Mjadala: Je, vyama vya ushirika viache kununua mashine za Kichina za kupulizia mikorosho?

Mleta mada, Tandahimba

Ndugu wasomaji, katika mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi limetolewa pendekezo kwamba kuanzia msimu ujao fedha za makato zisinunue tena mashine za Kichina za kupulizia salfa, bali zinunue chache za Kijapani au za Kijerumani, ambazo moja tu, kwa bei tulizoletewa, inalingana na za Kichina tatu. Waleta pendekezo wana hoja moja, kwamba za Kichina hazimalizi misimu miwili. Mimi nilipinga, na kwa kuwa muda wa mkutano haukutosha naleta hoja zangu hapa ili zichambuliwe na watu wasio wa chama chetu.

Kabla ya kupinga niliomba mashine sita mbovu zilizorundikwa stoo zifunguliwe mbele ya kamati. Nne zilikuwa na pistoni iliyokwaruzika ubavuni, dalili ya injini iliyokimbizwa bila oili ya kutosha. Ya tano kabureta yake (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ilikuwa imeziba kwa utando wa petroli iliyoachwa humo tangu msimu uliopita. Ni ya sita peke yake ambayo fundi alisema kosa lake ni la kiwandani, kwani beringi ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ilikuwa imesagika ilhali pistoni bado ni nzima.

Injini hizi hazina chemba ya oili chini kama ya pikipiki za bodaboda. Oili yote inayolainisha pistoni na beringi huingia ikiwa imechanganywa na petroli. Kijitabu cha zetu kinaagiza sehemu 1 ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 40 kwa kila lita. Sasa nendeni shambani alfajiri, wakati upepo umetulia na majani yangali na umande wa kuishika salfa, mkamtazame kijana anayelipwa kwa idadi ya mikorosho aliyoipuliza. Anapima oili kwa kifuniko cha chupa ya maji, na ikimwishia anaongeza petroli tupu, kwa sababu jua likipanda na upepo ukianza kazi yake ya siku hiyo imekwisha. Mpeni kijana huyohuyo mashine ya Kijapani ambayo nayo inategemea mchanganyiko wa namna hiyo. Itakufa vilevile, ila hasara yake itakuwa mara tatu.

Jambo la pili ni miezi ya mapumziko. Ugonjwa wa ubwiriunga, ambao ndio tunauzuia kwa salfa, hushambulia machipukizi na maua, kwa hiyo mashine hutumika kwa miezi michache ya kiangazi na baada ya hapo hukaa bila kazi mpaka mwaka unaofuata. Sijamwona mtu kijijini kwetu (nami nilikuwa mmoja wa wasiofanya hivyo) anayemwaga petroli iliyobaki, akaiacha injini iungurume hadi ikauke kabureta, kisha akasafisha tangi la salfa. Salfa inayobaki ikipata unyevu hula chuma na shaba.

Mchangiaji, Newala

Shikamoo mzee wangu. Nakubali habari ya oili, lakini hesabu yako imeacha kitu kikubwa kuliko mashine yenyewe, nacho ni korosho. Ua la mkorosho halimsubiri fundi. Mashine ikizima katika juma ambalo maua yanafunguka, mkulima hapotezi bei ya mashine, anapoteza mavuno ya mwaka. Mwaka juzi nilinunua mbili zilizofanana kwa kila kitu, zikiwa katika maboksi yenye maandishi yaleyale, katika duka lilelile. Moja ninayo hadi leo. Ya pili nati za silinda zililegea siku ya nne, na nilipojaribu kuzikaza uzi wa boliti ukang'oka pamoja na madini laini ya bodi. Mimi ni yuleyule, oili ni ileile, na kipimo ni kilekile. Mtu anayenunua kitu cha namna hiyo anacheza bahati nasibu, na sioni kwa nini chama kicheze bahati nasibu kwa makato ya wanachama.

Fundi, Masasi

Ninazifungua mashine hizi kila msimu, za Kichina na za kwingineko, hivyo nitajibu kwa yale yanayopita mikononi mwangu.

Kwanza, someni namba zilizochorwa kwenye injini. 1E40F maana yake ni silinda moja, ya kuchanganya oili, yenye kipenyo cha milimita 40, inayopozwa kwa hewa. 168F ya pampu za maji nayo ni silinda moja ya milimita 68, na umbo lake limeigwa kutoka injini ya Kijapani ya Honda GX160. Kwa sababu viwanda vingi vya China hutengeneza kwa vipimo hivyo, ringi, pistoni na kabureta vinapatikana madukani hapa Masasi, na mteja huondoka na mashine yake siku hiyohiyo. Akiniletea ya Kijerumani, mara nyingi tunaagiza Dar es Salaam, na hapo ndipo maua anayoyasema ndugu yangu wa Newala yanapoungulia mtini. Hata hivyo asidanganywe mtu kwamba namba zikifanana basi kila kitu kinaingiliana. Ringi hukubali, lakini gasketi na matundu ya kabureta hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda.

Pili, acheni kuchanganya oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye bodaboda. Ina unga wa chuma na masizi, huziba plagi na tundu la ekzosi, na injini hukosa nguvu hata kama oili ni nyingi. Kuhusu nati, Newala anasema kweli. Mimi mashine mpya huzikaza zote kabla hazijawashwa, na nikiona tundu la boliti limechoka naweka uzi mpya mkubwa zaidi.

Mchangiaji, Nachingwea

Mashine yangu ya kusaga inaendeshwa na injini ya dizeli ya Kichina, S195, inayopozwa kwa maji. Ina mwendeshaji mmoja tu, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa, naye huongeza maji kila yanapopungua kwa kuchemka. Kwangu jambo kubwa ni mwangalizi, si nchi mashine ilikotoka. Sina la zaidi.

Mleta mada, Tandahimba

Newala amenibana mahali pake. Nilihesabu mashine sita, sikuhesabu siku ambazo mashamba yalikaa bila kupulizwa. Kwa hiyo nabadili pendekezo langu: chama kinunue za Kichina, zikazwe na kujaribiwa na fundi kabla ya Mei, mbili zibaki stoo kuwa za akiba, na petroli ichanganywe hapohapo ofisini kwa kipimo kimoja, mkulima achukue iliyokwisha kuchanganywa.

Linabaki swali ambalo hata kamati imelikwepa. Kijana akiishiwa mchanganyiko huo akaweka petroli tupu na kuiunguza mashine, alipe nani: yeye, mwenye shamba aliyemwajiri, au makato yetu sote?